Funguo Mkononi, Nyumba Bado Haijawa Yako
(Maelezo ya Afisa Ardhi wa Wilaya kwa wanunuzi wa nyumba kwa mara ya kwanza, yaliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata)



Nimeombwa nizungumzie ununuzi wa nyumba. Habari za madalali na kupatana bei nitaziruka, kwa kuwa wengi wenu mnazifahamu kunishinda. Nitakaa kwenye kipindi ambacho mnunuzi hudhani kazi imekwisha: fedha zimelipwa, funguo zimepokelewa, jirani wamekuja kupongeza.

Siku hiyo sheria haiitambui. Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa hauna nguvu mpaka uandikishwe kwa Msajili wa Hati. Kabla ya hapo, daftari bado lina jina la muuzaji. Akifariki, mtawakabili warithi ambao huenda hawakujua lolote. Akiingiwa na tamaa, aweza kumuuzia mwingine, na huyo wa pili akawahi dirishani. Mkopo wa SACCOS au kiinua mgongo cha miaka 30 kinaweza kubaki kikining'inia hapo kwa miezi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Nendeni na namba ya hati, ya kiwanja na ya kitalu. Majibu yataonyesha mmiliki ni nani, kama nyumba imewekwa rehani benki, na kama mtu ameweka zuio. Kuishika hati ya muuzaji hakutoshi, kwani karatasi hiyo haijui kilichoandikwa daftarini jana. Nashauri upekuzi ufanyike mara mbili, kabla ya mkataba na tena kabla ya malipo ya mwisho. Mtu huligeuza shati mara tatu sokoni kabla ya kulinunua, lakini nyumba huinunua kwa kutazama picha ya hati katika simu!

Muulizeni pia muuzaji habari za mwenzi wake. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, imelisema hilo waziwazi. Nyumba ya marehemu nayo huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa si uteuzi.

Mkataba lazima uwe wa maandishi. Wakili auandike, na ndani yake ielezwe nani analipa nini na lini. Hapa ndipo penye ulinzi wa mnunuzi: msilipe fedha zote siku ya kutia saini. Toeni sehemu, na salio likae katika akaunti ya wateja ya wakili mpaka kibali cha uhamisho kitoke. Muuzaji mkweli hatakataa utaratibu huo, maana fedha ataziona zipo.

Fomu ni tatu: namba 29 ya kutoa taarifa, namba 30 ya kuomba kibali cha Kamishna wa Ardhi, na namba 35 ya uhamisho wenyewe. Mthamini hukadiria thamani, kisha kodi hulipwa. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kwa nyumba ya shilingi milioni 40, ni laki 4. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, na kwa mkazi wa nchi ni asilimia 10 ya faida aliyoipata. Asipoilipa, faili husimama, na anayeumia kwa kusimama huko ni mnunuzi. Ndiyo maana mkataba uitaje.

Wapo wanaoshawishiwa kuandika bei ya milioni 15 badala ya 40 ili kodi ipungue. Mauzo yakivunjika na mkaenda mahakamani kudai fedha zenu, karatasi mtakayoionyesha imeandikwa milioni 15.

Nyumba nyingi katika kata zetu hazina hati. Huko hakuna daftari la kupekua, hivyo majirani wa pande zote nne ndio daftari: waitwe, waonyeshe mipaka, watie saini. Pitieni pia idara ya mipango miji mjue kama barabara haikupangwa kupita sebuleni. Serikali ya mtaa inaweza kuwafahamu wahusika, lakini ile asilimia 10 inayodaiwa mahali pengine kwa ajili ya mhuri haimo katika Sheria ya Ardhi. Wenyeviti mliopo hapa mnisamehe, lakini wananchi wana haki ya kulisikia.

Siku ya makabidhiano, dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi na bili ya maji. Mita ya umeme iangaliwe vilevile, kwa sababu tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na deni lililoachwa mtalikuta mnaponunua umeme.

Mkishasajiliwa, rudini kuipekua hati yenyewe: jina liwe kama lilivyo katika kitambulisho chenu, herufi kwa herufi, na namba ya kiwanja iwe ile mliyoonyeshwa. Kosa la herufi moja ni rahisi kusahihishwa wiki hiyo kuliko siku mtakapopeleka hati benki.

Sasa napokea maswali, nikianza na kinamama walioketi nyuma.