Mtoto wa Mlevi Hurithi Nini?



Kampuni ya bia ya Bralirwa ilianzishwa hapa Gisenyi, wilayani Rubavu, mwaka 1957, na miaka miwili baadaye bia ya Primus ikaanza kutoka kiwandani. Humu ukumbini wamo ambao babu zao walilishwa na mshahara wa kiwanda hicho. Sikuja kukisimanga. Urwagwa, pombe yetu ya ndizi, ulikuwepo kabla ya bia ya chupa, na kanyanga, pombe kali ya magendo ambayo sheria inaihesabu kuwa dawa ya kulevya, haikuhitaji kiwanda.

Katika kurithisha ulevi, damu ina sehemu yake. Huko Denmark, mwaka 1973, Donald Goodwin na wenzake waliwachunguza watoto wa kiume wa walevi waliolelewa na watu wengine tangu wakiwa wachanga. Ulevi kwao ulikuwa takriban mara nne ya wenzao waliolelewa vivyo hivyo lakini wazazi wao wa kuzaa hawakuwa walevi. Tafiti za mapacha nazo zinakadiria kwamba urithi wa kibayolojia unabeba kama nusu ya hatari. Wapenda methali watanikumbusha kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Nusu, basi. Mimi nashughulika na nusu iliyobaki.

Mzazi mlevi hafundishi kunywa tu. Hufundisha kwamba hasira huja bila hodi, kwamba ahadi ya asubuhi haifiki jioni, na kwamba mtu mzima akizidiwa na mambo hutoka nyumbani. Kijana aliyekulia humo akionja kanyanga, anachopata si starehe bali nafuu. Siku akizaa, malezi anayoyajua ni hayohayo. Vincent Felitti na Robert Anda walionyesha kule Marekani mwaka 1998 kuwa kadiri madhila ya utotoni yanavyorundikana ndivyo ulevi wa ukubwani unavyozidi. Kwetu ongezeni mauaji ya kimbari ya 1994: wazazi wengi wa leo walilelewa na watu waliofiwa, na wapo waliojilea wenyewe.

Tangu 2010 tuna kituo cha Iwawa, kisiwani katika Ziwa Kivu hilihili, ambako vijana wanaachishwa dawa na kufundishwa kazi za mikono. Ni jambo jema. Lakini kijana hutibiwa mbali na nyumba, kisha hurudishwa kwenye nyumba ileile.

Mpango wa Sugira Muryango ulikwenda njia nyingine. Mwaka 2018 Theresa Betancourt wa Boston College na shirika la FXB Rwanda waliujaribu Ngoma, Nyanza na hapa Rubavu, kwa familia maskini 1,049 zenye watoto wadogo; baadhi zilitembelewa, nyingine zikawa za kulinganishia. Mhudumu alifika nyumbani akakaa na baba na mama, wakajifunza kucheza na mtoto na kumaliza ugomvi bila ngumi. Katika nyumba zilizotembelewa, akina baba walishiriki zaidi malezi, adhabu kali kwa watoto zikapungua, na kipigo kwa wake pia. Sidai kuwa ziara hizo zinafuta ulevi. Nadai zinafika pale ulevi unaporithishwa, mapema, mtoto akiwa bado anatambaa.

Kwa hiyo naiomba Wilaya: kila kijana anayetoka Iwawa na kukuta mtoto mchanga nyumbani, mhudumu amtembelee kabla mwezi haujaisha.