Kabla ya Kuingia Chini ya Lori
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa karakana)



Nimeombwa niseme juu ya difu na propela ya lori la zamani. Mimi si msemaji, ni fundi wa malori ya reli, basi nitasema kama tufanyavyo kazi.

Kwanza ni breki ya mkono. Wengi wetu huivuta, kisha huingia chini na kusema lori limesimama. Lakini katika malori mengine ya zamani breki hiyo haishiki magurudumu. Iko nyuma ya gia boksi, nayo hushika propela. Ukifungua boliti za propela pale kwenye difu umekwisha iondoa breki, na gia nayo haizuii kitu. Hata kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kwatosha: lililo hewani litazunguka kinyume, na lililo chini litatembea. Zamani, kabla sijaja reli, lori lilitukimbia hivyo mteremkoni. Mwenzangu alikuwa chini yake. Alipona, lakini mguu haukurudi kama kwanza, na bwana wa kazi aliuliza habari za jeki kabla ya kuuliza habari za mtu.

Basi zuia magurudumu mbele na nyuma. Kipande cha taruma kuukuu chafaa sana, nasi wa reli hatukikosi. Jeki ni ya kuinulia tu. Weka stendi ndipo uingie. Kama karakana haina stendi, usiingie. Mwambie mjumbe wetu aipeleke habari hiyo ofisini kabla ya kazi, siyo baada ya maziko.

Sasa tikisa propela kwa mkono. Ikicheza kwenye krosi, au ukiona vumbi jekundu la kutu kando ya vikombe vyake, jua grisi ilikwisha siku nyingi na beringi inasagika. Kama krosi ina nipo, piga grisi mpaka mpya itokee pande zote nne. Kabla ya kuitoa propela tia alama mahali inapoungana, maana ukiirudisha imegeuka lori litatetemeka, nawe utailaumu bure krosi mpya.

Katika difu, fungua kwanza tundu la kutilia oili, ndipo la kumwagia. Nimemwona kijana akimwaga oili yote, halafu tundu la juu likakataa kabisa, na lori linangojwa Nakuru. Lori likiwa limesimama sawasawa, jaza mpaka ukingo wa tundu, usizidishe.

Tena kuna kitundu kidogo cha kupumulia juu ya ekseli, ambacho watu hukisahau. Kikizibwa na matope, hewa ya ndani ikipata moto haina njia. Huisukuma oili ipite kwenye sili hata ikafika kwenye breki za nyuma. Wewe fundi hutaona kitu. Atakayeona ni dereva, akiteremka Mai Mahiu na mzigo wake.