Suti ya Dakika ya Mwisho

 

Najua yupo atakayeuliza: sisi watu wa Urambo na Kaliua, watu wa tumbaku na karanga, suti ya kuzamia inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu ya reli. Ukipanda treni hapa Urambo ukaelekea machweo, mwisho wa safari ni Kigoma, na mbele ya Kigoma ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal kule Urusi. Vipande vya meli ya Liemba vilipita kwenye reli hii hii kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kubeba abiria. Kwa hiyo kazi ya chini ya maji si jambo geni upande wetu huu wa nchi. Vijana wetu nao wanaifuata: wengine huzamia samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi rangi wanaouzwa ng'ambo wakiwa hai, na wengine wako Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Sasa tuje kwenye baridi. Maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa, yapata mara 25. Hewa ya nyuzi 26 hapa kwetu unaikalia na shati moja. Maji ya nyuzi 26, ukikaa humo saa nzima bila vazi, unatoka meno yanagongana. Kinachowaponza watu ni kwamba dakika ya kwanza maji hayo ni matamu kabisa. Mwenye boti anakuuliza kama baridi utaiweza, unachovya mkono, unajibu, "Mbona ya moto!" Mkono umepima dakika ya kwanza tu. Suti inachaguliwa kwa ajili ya dakika ya mwisho, wakati vidole vimeshaanza ganzi na kichwa kimekuwa kizito, nawe bado unatakiwa kusoma geji ya hewa na kupanda polepole. Tena mwili uliopoa hutoa naitrojeni taratibu wakati wa kupanda, na hapo hatari ya ule ugonjwa wa wazamiaji, wa maumivu ya viungo hadi kupooza, inaongezeka.

Watu wengi hudhani suti hii inazuia maji yasiingie. Haizuii. Imetengenezwa kwa neoprini, aina ya mpira wenye vipovu vidogo vidogo vya gesi, na vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisitoroke. Mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California aliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950: mzamiaji halazimiki kuwa mkavu ili asipate baridi. Maji kidogo yanaingia, yanatulia kati ya mpira na ngozi, mwili unayapasha. Yakipata njia ya kutoka na mengine kuingia, basi wewe unafanya kazi ya kupasha moto Ziwa Tanganyika.

Ndiyo maana mimi huwaambia vijana waache kwanza kuulizia unene. Ivae. Chuchumaa, inua mikono, vuta pumzi hadi mwisho. Pitisha kiganja kiunoni kwa nyuma, kwapani na shingoni. Ikiacha nafasi, hasa pale mgongoni juu ya makalio, maji yatapita humo kila unapopiga teke. Ikikubana hata pumzi haishuki, nayo iache. Suti ya milimita tatu iliyokukaa sawasawa itakufaa kuliko ya milimita tano inayopwaya.

Unene tunauulizia baada ya hapo, na jibu linatoka kwenye majira. Pwani, Unguja, Pemba na Mafia, mwishoni mwa kaskazi bahari hufika nyuzi 29 hivi, na milimita tatu zinatosha, hata suti fupi ya mikono na miguu nje. Kusi likivuma, Julai hadi Septemba, bahari hiyo hiyo hushuka karibu na 25, na anayezamia mara mbili au tatu kwa siku atashukuru kwa milimita tano. Ndugu zetu wa Tabora walioko Oman wana kisa chao. Maskati kiangazi bahari ni ya moto, lakini kule Dhofar, msimu wa khareef, yaani kusi ya huko, upepo husukuma maji ya juu yakaenda mbali na maji baridi ya chini yakapanda kushika nafasi. Katikati ya joto la Uarabuni, mzamiaji anatafuta suti nzito! Na walio Norway au Kanada, maji yakiwa chini ya nyuzi 10, hao waende kwenye suti kavu, ile isiyoingiza maji kabisa.

Joto la Ziwa Tanganyika ni tulivu kuliko la kote huko. Juu maji ni kati ya nyuzi 24 na 28 kwa mwaka mzima, na chini kabisa ni 23 na kitu. Milimita tatu kwa mzamio mmoja mfupi, tano kwa anayeshinda majini akikamata samaki. Ila kumbuka vile vipovu. Mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na mita 30 ni mara nne. Vipovu vinasinyaa, suti inakuwa nyembamba, na uwezo wake wa kukuelesha nao unapungua. Na kijana aliyejifunzia Zanzibar asije Kigoma na mkanda wenye uzito ule ule wa risasi ya kumsaidia kuzama. Maji ya ziwa hayana chumvi, hayamweleshi mtu kama ya bahari, hivyo apunguze kilo mbili hivi, kisha ajaribu kwanza palipo na kina kifupi.

Kuhusu kichocho, suti inapunguza ngozi iliyo wazi lakini maji yanaingia, kwa hiyo haikukingi. Ukiwa unafanya kazi kwenye ufuo wenye majani na konokono, nenda ukapimwe.

Wengi wetu tutanunua mtumba, na si aibu. Bonyeza mpira kwa dole gumba, hasa magotini na mabegani. Mpira ukirudi upesi, una uhai. Ukibaki na shimo, au ukiwa mgumu kama kandambili ya zamani, vipovu vimekufa, na milimita tano zilizoandikwa kwenye lebo ni historia tu. Mpasuko mdogo usikutishe, unazibwa kwa gundi ya neoprini. Usimpelekee fundi cherehani aushone kwa uzi peke yake, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Na ukikuta zipu ya mgongoni imeshika, uliza kwanza zipu mpya ni kiasi gani, ndipo muanze kupatana bei.