Gari la mkulima limegeuka pambo la vigogo

Vijana wenzangu mliokusanyika hapa, na wewe utakayeyasoma haya gazetini, tuambiane ukweli. Land Rover haikuzaliwa gari la wakubwa. Ilitoka Uingereza mwaka 1948 kwa pauni 450, gari la mkulima la kuvuta jembe na kupita tope. Bodi ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao. Mwanzoni hata milango ulilipia ziada! Nani alijali?

Leo je? Defender ya zamani ilikoma kuundwa Januari 2016. Mrithi wake alipoingia sokoni mwaka 2020, bei ilizidi pauni 40,000. Zikuze zile 450 kwa kupanda kwa maisha miaka yote hiyo, hazifiki nusu. Tope ni lile lile; kilichoongezeka ni skrini na kompyuta.

Basi mlalahoi anakimbilia mtumba. Bandarini Dar anakutana na ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 injini ikizidi sisi 2000, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla ya hayo yote. Kodi juu ya kodi! Gari likiwa kuukuu, linatozwa na uzee wake.

Wenye mashangingi ya serikali hawaulizi bei. Unalipa wewe, na mafuta unajaza wewe. Mkulima wa Makete, mwenye tope lenyewe, viazi vyake vinapanda bodaboda.