Mikwaruzo kwenye Meza za Stenlesi za Samaki

Meza ya stenlesi ya kukatia minofu ya sangara jijini Mwanza haishiki kutu kwa urahisi, kwa kuwa ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, inayojenga utando mwembamba juu yake. Meza iliyokwisha kutumika hupimwa kwa ukucha: mkwaruzo usionasa ukucha ni wa juujuu, unaonasa huficha mabaki na bakteria. Wa juujuu husuguliwa kwa msasa namba 320, kisha 400, kufuata mistari ya kiwandani. Waya wa chuma wa kusugulia masufuria haufai, kwani huacha chembe zinazoshika kutu. Meza ikioshwa na kukaushwa, utando hujijenga upya kwa oksijeni ya hewani. Mkwaruzo wa kina ni kazi ya fundi. Bamba lililotoboka hubadilishwa.