Mchanga unatoka kwetu, picha yetu inapigwa na nani?

Maneno kwa vijana wa Masisi na Walikale



Leo nimeombwa kusema juu ya sanaa ya kidijitali. Najua kuna wanaojiuliza moyoni: watu wanakimbia vita, mihogo imebaki shambani, na huyu anatuletea mambo ya sanaa? Swali hilo ni la haki. Acha nilijibu.

Tuanze na telefone iliyo mfukoni mwako. Ndani yake kuna vipande vidogo vya tantali vinavyotunza umeme, na tantali inatoka kwenye koltani. Septemba 2024, mkuu wa MONUSCO, Bintou Keita, aliliambia Baraza la Usalama kwamba eneo la Rubaya, hapa Masisi, linatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia. Wakati huo Rubaya ilikuwa tayari mikononi mwa M23, tangu mwisho wa Aprili mwaka ule. Tena, vyuma vya ndani ya telefone vimeunganishwa kwa lehemu, na lehemu inatengenezwa kwa bati. Bati inatoka kwenye kasiterite, kama ile ya Bisie, Walikale. Kulikuwa na miaka ndege zilitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo ili kubeba kasiterite. Ndege ziliweza kufika Walikale. Rezo, kwa vijiji vingi, mpaka leo haijafika.

Kwa hiyo tunapanda kilima kutafuta rezo. Kuchaji ni pesa, mega ni pesa. Mimi diplome ninayo, kazi sina, na najua maana ya kuchagua kati ya mega na unga wa fufu.

Matokeo yake? Masisi na Walikale zinasemwa na wengine. Mgeni anafika, anapiga picha ya mtoto mwenye matope mpaka magotini, anaondoka. Picha inazunguka dunia nzima, lakini mama wa yule mtoto hataiona. Na mapigano yakianza, picha za zamani, au za nchi nyingine kabisa, zinatumwa eti ni Masisi ya leo asubuhi. Jirani anaanza kumchukia jirani juu ya picha ya uongo. Ndiyo maana nasema jambo hili si la kungoja amani. Tukikosa picha zetu wenyewe, za uongo zinakaa mahali pake.

Na tusidanganyane eti sanaa haileti kitu. Twende upande wa magharibi wa nchi yetu, Lusanga, mkoa wa Kwilu. Mwaka 1931 Wapende waliasi kazi ya kulazimishwa ya mawese, na afisa wa kikoloni, Maximilien Balot, akauawa. Wakachonga sanamu yake. Baadaye sanamu hiyo ikaishia katika jumba la makumbusho la Virginia, Marekani. Wasanii wa CATPC, ambao ni wafanyakazi wa mashamba, waliiomba kwa muda mrefu. Mwaka 2022 wakatumia picha zake kutengeneza NFT, yaani vyeti vya kidijitali vinavyouzwa kwenye intaneti, ili pesa inunue tena ardhi ya mababu iliyokuwa shamba la kampuni. Makumbusho hayakufurahi. Lakini mwaka 2024 sanamu ililetwa Lusanga kwa mkopo, watu wakaiona kwa macho yao. Sisemi na sisi tuuze NFT. Nasema wakulima walishika chombo cha kisasa, wakakitumia kudai haki yao.

Hata karibu yetu, Goma, Yole!Africa ya Petna Ndaliko Katondolo imefundisha vijana sinema kwa miaka mingi. Lakini kijana wa Pinga au wa Nyabiondo atafikaje Goma? Elimu hiyo inapaswa kumfuata kwao.

Sasa tufanye nini? Kwanza, salongo ya picha. Tunajua salongo ya kusafisha barabara. Tufanye vilevile na telefone: mmoja anapiga picha, mwingine anarekodi sauti ya mzee, mwingine anachora, mwingine anaandika tarehe na mahali. Asiye na telefone naye anasema nini kirekodiwe. Kazi hiyo ipitishwe kwa Bluetooth na kadi memori, bila kungoja rezo.

Pili, likelemba. Wamama wananunua sufuria na magodoro kwa likelemba. Sisi tunaweza kununua paneli moja ya sola na telefone moja nzuri ya kikundi.

Tatu, heshima na usalama. Usipige sura ya mtu bila ruhusa yake, hasa mwanamke aliyeumizwa au mtoto. Usipige watu wenye silaha wala mahali walipo. Picha si bei ya uhai wako.

Na Leta isijifiche nyuma ya bidii yetu. Sheria ya mawasiliano ya Novemba 2020 inatambua mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, ambao kazi yake ni kupeleka mawasiliano pale kampuni hazioni faida. Tunauliza: Walikale imepangiwa nini? Masisi imepangiwa nini, siku njia zitakapofunguka? Mtuonyeshe orodha ya vijiji. Vita inaweza kuchelewesha deni, lakini haiwezi kulifuta.

Msiseme kelele zetu hazifiki. Mwaka 2020 walituletea RAM, wakakata yuniti kwenye telefone zetu. Raia walikataa, vijana wakaandamana, na mwaka 2022 RAM ikafutwa.

Basi kila kikundi kilete kazi moja: picha, sauti au mchoro wa kijiji chake, na jina la mahali liandikwe vizuri. Tukutane tukiwa na kitu mkononi.