Vitabu vya kuogopesha havileti bulozi: maneno yetu kwa wazazi na vijana wa Katuba



Mulituita tuje kusema kijana wa miaka 13 mpaka 18 asome vitabu gani. Tungeweza kuwaachia orodha na kurudi kwetu. Lakini kuko jambo moja tunapaswa kulitengeneza kwanza, maana bila hilo orodha yetu haina kazi.

Munajua kwamba tuna kabati moja la vitabu. Si maktaba, si biblioteki ya kweli kama ile ya Institut français kule mjini, ku Halle de l'Étoile. Ni kabati tu, na daftari la kuandika nani amechukua nini. Basi, wiki tatu zilizopita mama mmoja alikuja na kitabu cha binti yake. Alikishika kwa vidole viwili, ndani ya sashe, sawa mtu anayebeba panya aliyekufa. Kwenye jalada kulikuwa mbwa mkubwa mweusi mwenye macho ya moto. Akatuambia: « Bana bangu, hii njo nini munamupatia mutoto wangu? Ku kanisa banatuambia bitabu bya vile binafungula mulango ya bulozi. »

Tunaomba mtu asimcheke. Sisi hatukumcheka. Tulimpa kiti na maji. Balabala anapokaa kulikuwa tayari mtoto wa miaka 11 ambaye watu walianza kumwita mulozi. Baba yake alikuwa amepoteza kazi, mdogo wake akagonjwa, na kwa mwezi mmoja tu watu wazima wakapata jibu: ni huyu, juu anaongea usiku katika usingizi. Leo analala kwa nkambo yake, komine ingine, na masomo ameacha. Mama anayeona vile nyumba ya pili, akiona mbwa wa moto ku kitabu cha binti yake, ana haki ya kuogopa. Haogopi kitabu. Anaogopa kwamba kesho watamwonyesha kidole binti yake.

Sasa tuseme kilichomo ndani ya kile kitabu. Ni Le Chien des Baskerville, Arthur Conan Doyle alikiandika, kilitoka Uingereza mwaka 1902. Tajiri mmoja amekufa karibu na nyumba yake, na watu wote wa pale wanasema ni mbwa wa kuzimu anayefuata ukoo wake tangu zamani. Kila mtu ana hakika. Mtu mmoja tu, Sherlock Holmes, anakataa kusema ndiyo mbele ya kuuliza. Nani aliona? Alama za miguu zilikuwa wapi? Nani atapata mali kama huyu akikufa? Mwisho hatutausema, kuko vijana hapa hawajakisoma. Tunasema hivi tu: kitabu chenye jalada la bulozi kinafundisha mtoto kuomba ushahidi.

Mutatuambia hayo ni mambo ya Wazungu. Sawa. Mwaka 1960 kilitoka kitabu kwa Kiswahili, Mzimu wa Watu wa Kale, cha Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar. Kilikuwa kimeshinda zawadi ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya 1957-58 kule Afrika ya Mashariki. Maiti ya mtu inakutwa mahali pa mizimu, pale watu wanaogopa hata kupita. Ungekuwa hapa kwetu ungesema nini? Ungesema wazee wamekasirika, tutafute mganga. Bwana Msa anawasha kiko chake, anakaa, anafikiri, anauliza watu maswali madogomadogo yanayowachokesha. Rafiki yake Najum anadhani ameelewa, kumbe bado. Ndiyo utamu wenyewe. Tunawaonya mapema: Kiswahili cha Zanzibar ni kigumu kwa mtoto wa Kenya, na tunasema komine yetu ya Kenya, si inchi. Soma pole pole, kurasa kumi, neno lisiloeleweka uliandike pembeni, tutalitafuta pamoja siku ya posho. Vijana watatu wamefika mwisho hivyo, na sasa wanatusahihisha sisi.

Hata hapa Lubumbashi hadithi za kutetemesha hazikuletwa na meli. Wazee wa Kamalondo walitulea na habari za batumbula, wale waliosemwa kwamba wanakamata watu usiku wakati wa Wabeleji. Tulisikiliza tukiwa tumejifunika blanketi mpaka kichwani, na kesho yake tukaomba tena. Hakuna mtu aliyesema nkambo anatufungulia mlango wa bulozi.

Kuko kitabu kimoja ambacho tulibishana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kukiweka kwenye kabati. Ni Ngando cha Paul Lomami Tchibamba, kilichopata zawadi Brussels mwaka 1948. Ngando ni mamba. Mtoto wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, anatoroka masomo, anaenda kuogelea mtoni, mamba anamkamata, na baba yake anaanza safari ya kumtafuta kwenye inchi ya mizimu. Humo bulozi uko, hakuna wa kuuliza alama za miguu. Mmoja wetu alisema: tukikiweka, tunavunja maneno yetu wenyewe. Mwingine akajibu: angalia vizuri nani anaumizwa mule ndani. Mtoto ndiye anayeliwa na chuki ya watu wazima, na mzazi wake, badala ya kumfukuza, anaenda kumfuata. Tukakiweka. Kiko kwa Kifaransa, na kijana wa miaka 14 anakimaliza bila shida.

Kwa wale wanaopenda inchi zisizokuwako, chukueni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952, chenye ndugu wawili waliogeuka manyani. Ni kifupi. Kuna pia Kusadikika, inchi inayoelea hewani, lakini kile kinapenda hotuba kuliko safari, na kijana wa miaka 13 atasinzia. Harry Potter tunazo mbili, moja imekatika kurasa za mwisho, na mwenye kuikata anajijua.

Bakubwa wa miaka 16 na kuendelea wanatuomba Elvis Musiba kila wiki, hasa Kikosi cha Kisasi, juu Willy Gamba anafanya kazi yake Kinshasa. Kinasomwa mbio, ukianza jioni umeme ukikatika utatafuta bugi. Lakini tunawaambia wazi kwamba kuko damu nyingi, na wanawake wengi mule wanaandikwa kama mapambo. Wasichana wetu wamekwisha kusema hivyo katika kikundi, kwa sauti, na bavijana hawakupata jibu. Kwa watoto wadogo hatukitoi.

Turudi kwa yule mtoto wa miaka 11. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto bulozi. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, kifungu cha 160, inasema anayemshtaki hadharani anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 3 na kulipa faini. Tulipoisoma sheria ile hapa kwenye kikundi, wakubwa wengi walikuwa hawajaisikia. Lakini sheria haikuwa ya kwanza kusema balabala ile. Wa kwanza alikuwa binti wa kile kitabu cha mbwa. Alimwuliza jirani, kwa heshima, mbele ya mama yake: « Mama mukubwa, nani aliona? Aliona saa ngapi? Na mutoto alikuwa mugonjwa tangu siku gani? » Alipigiwa kelele, akaambiwa hana adabu. Mtoto bado hajarudi. Lakini jirani mmoja amekwenda kumwona kwa nkambo yake, na amepeleka daftari za masomo.

Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu vidogo. Wazazi, kabla ya kukataza kitabu, someni kurasa ishirini, ao mumwambie mtoto awasomee wakati munapika bukari. Walimu, mukiwa na roman nyumbani inayolala chini ya kitanda, leteni. Wakubwa wa komine, hatuombi jengo leo, tunaomba chumba kimoja chenye mlango unaofunga, maana mvua inaingia kwenye kabati.

Tunafungua siku ya posho, saa nane mpaka saa kumi na moja. Kitabu ni siku 14, na hakuna kulipa. Mzimu wa Watu wa Kale kiko nje, kitarudi wiki ijayo. Ngando kiko. Kile cha mbwa mweusi bado kiko kwa yule mama: alisema atakisoma yeye mwenyewe kwanza ndipo aamue, na wiki tatu zimepita. Wanaokingojea ni saba. Mama, kama uko hapa, tunakuomba, maliza.